Alhamisi kwa Fundi Viatu

Kaunas, Januari. Mto Nemunas umeganda nusu,
nusu ya pili inakwenda zake bila kututazama.
Nimetoka zamu ya usiku, chumba cha kufulia hospitalini,
mikono inanuka sabuni na mashuka ya watu nisiowajua,
na ndani ya koti kurasa mbili, nimezikunja mara nne
kama mtu afichaye barua ya deni.

Tunakutana nyuma ya duka la Vaidotas, fundi viatu,
kati ya soli zilizong'olewa na harufu ya gundi.
Viti vitano. Watu saba.
Ndoo iliyofunikwa ubao ndiyo kiti cha sita;
wa saba husimama, akidai anapenda kusimama.

Shairi langu lilimhusu baba.
Nililiandika miaka mitatu, peke yangu,
nikilisomea mashine zikizunguka,
nazo hazikuwahi kunikosoa.
Lilikuwa na machozi mahali pane,
lilikuwa na nyota, lilikuwa na "milele",
lilikuwa na pengo lisilozibika moyoni.
Nilisoma hadi mwisho bila kupumua.

Kimya. Kijana Ugnius akakuna sikio.
Vaidotas akasema, "Limepangika."
(Limepangika! Kabati hupangika.)
Kisha Danguolė, aliyeendesha treni za mizigo miaka thelathini,
ambaye tangu majani yapukutike hajasema zaidi ya "naam",
akavua miwani, akauliza:
"Baba yako alikuwa akivaa viatu gani?"

Nilimchukia. Nasema kweli.
Nilivuka daraja nikimjibu kwa sauti,
wapita njia wakanipisha.
Viatu! Mtu amekufa, wewe waulizia viatu!
Alhamisi mbili sikwenda.
Nikarudi kwa mashine zangu, nikazisomea.
Zikazunguka. Nikasikia, kwa mara ya kwanza,
kwamba zinazunguka tu.

Mficha uchi hazai, walisema waliosema.
Hawakusema kwamba ukishavua
kuna baridi, na macho yapo,
na mmoja atakuonyesha kovu ulilolisahau.

Maana viatu vilikuwepo.
Buti za mpira, kijani, namba arobaini na tano,
ya kushoto imezibwa kwa kiraka cha tairi la baiskeli.
Mama alizikuta mlangoni baada ya mazishi,
bado zina tope la shamba la viazi,
na hakuna aliyethubutu kuzisafisha.
Mimi ndiye niliyezisogeza.
Nilizisogeza ili mlango ufungike.
Hilo sikuwa nimemwambia mtu.
Hata shairi langu sikuwa nimeliambia.

Machi. Mistari kumi na mmoja. Nyota hamna.
Nikasoma nimesimama, kwa kuwa nilichelewa.
Ugnius hakukuna kitu.
Danguolė alikuwa anaangalia mlango.
Na Vaidotas, nyundo mkononi, misumari mdomoni,
akaitema kiganjani, mmoja mmoja:
"Mstari wa mwisho ung'oe.
Buti zimeshasema. Wewe unarudia."

Nikafungua mdomo nibishane. Nikautazama.
Ndio niliokuwa nikiupenda kuliko yote.
Nikaung'oa.

Alhamisi iliyofuata Danguolė alileta lake, la kwanza.
Reli, theluji, mabehewa arobaini, "upweke mkubwa kama anga".
Karatasi ilitetemeka katika mikono iliyozoea breki.
Alipomaliza alinitazama mimi, si wengine,
nami, niliyejua kuulizwa kunavyochoma,
nilitaka kusema ni zuri, zuri sana, twendeni nyumbani.
Koo likakataa.

"Mle kwenye kibanda cha dereva," nikasema,
"usiku, ulikuwa ukila nini?"

Hakujibu. Gundi ilikuwa inachemka kwenye kikopo
na hakuna aliyeinuka kuipunguzia moto.
Akavaa miwani.
Akanyoosha mkono, bila kumtazama mtu,
akiomba kalamu.